Mwenyekiti Chini ya Povu

Shoga Siok-hun, acha unachofanya. Mjukuu wangu Pei-shan kanisimulia sasa hivi tukila tambi, mbavu bado zinaniuma.

Unajua leo chama cha wasusi kilikuwa kinawapima wanagenzi kuosha nywele. Pei-shan asipofaulu, anabaki kufagia nywele mwaka mwingine, mkasi hashiki.

Mwenyekiti Bwana Tu, yule mpenda hotuba, kajitolea kichwa chake mwenyewe kioshwe. "Chama kinawabeba wanagenzi! Macho yetu hayabanduki kwenu!" Pei-shan akamwosha mzee akiwa kakaa wima kitini, povu kama kilima, hata tone halikudondoka.

Macho hayabanduki? Mzee kakoroma, shoga! Kakoroma mbele ya ukumbi mzima!

Alipoamka akasema, "Mimi sikuona kitu. Arudie mwakani."

Mwakani! Ndiko kubebwa huko.

Katibu wao, Bi Kuo, akamuuliza, "Mwenyekiti, mteja akisinzia mikononi mwa msusi, msusi kafaulu au kashindwa? Au tuwaulize waliokurekodi ukikoroma?"

Mzee akachukua kalamu. Akatia saini cheti, povu bado kichwani. Kisha akamnong'oneza mjukuu wangu, "Haya, malizia, binti."

Pei-shan akarudisha vidole utosini. Kabla povu halijakolea, mwenyekiti, huyo mlezi wa wanagenzi, kalala tena.