Papa, Mafuta Uliyochanganya Niliyamwaga

Papa,

Nimekaa barazani, cherehani nimeisukuma pembeni, kwa sababu nina neno la kukuambia na siwezi kuendelea kushona kana kwamba hakuna kitu. Ni mimi Feli. Nimekukosea, na nimekukosea wakati huwezi tena kunigombeza. Nitaeleza polepole. Usinikate maneno kama ulivyozoea.

Kwanza habari za nyumbani. Mama yupo. Anakula vijiko vitatu anasema ameshiba. Mvua zimeanza, ziwa limepanda tena mpaka kina mama wanaouza ndagala, dagaa wetu, upande wa chini wamehamisha meza zao. Viatu vyako vya kazi, vile vyenye chuma mbele, bado viko nyuma ya mlango. Kila mgeni anajikwaa navyo, hakuna anayethubutu kuvitoa. Mimi mwenyewe ninajikwaa navyo asubuhi, ninakaa chini, ninalia, halafu ninainuka ninaenda kuchota maji.

Neno lenyewe ni la Mukwe.

Unakumbuka siku alipoingia humu ndani? Yule mhandisi mgeni uliyemtengenezea jenereta alikuwa anarudi kwao, akakuachia sanduku. Ndani kulikuwa na lori dogo la umeme, refu kama mkono wangu, matairi makubwa yenye meno, na telekomande yake, rimoti ya kuliendeshea. Mama alicheka hadi akashika ukuta. Mzee mzima wa reli, aliyefungua injini za treni maisha yake yote, sasa ameletewa mchezo wa watoto! Ulilifungua siku hiyohiyo, visi kwa visi, ukazipanga skrubu zote juu ya gazeti, na ulipomaliza ulisema, "Hii njo gari ya kweli. Iko na amotisere, iko na ambreyaji, iko na diferansieli. Inakosa tu dereva mujinga." Ukaliita Mukwe, kwa sababu mukwe hashikwi ovyo ovyo.

Macho yako yalikuwa yameanza kukuacha, ndiyo maana uliniita. Wewe ulikuwa na masikio na vidole, mimi nilikuwa na macho na mkono wa sindano. Ulikuwa unazungusha gurudumu moja kwa kidole, umeinamisha sikio, umefunga macho. "Feli, kaza robo. Nasema robo, si nusu, weye mutoto!" Sasa nikuambie: mara nyingine nilikuwa nakaza nusu makusudi, nione kama utasikia. Ulisikia kila mara. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kuliko ile.

Na Jumapili baada ya misa, uwanja wa nyuma ya gare, stesheni yetu ya treni, kati ya mabehewa yaliyoota majani! Magari sita, mara nyingine saba. Vilima mlivyovijenga kwa udongo na mbao kuukuu za reli. Watu wazima wenye wajukuu, mmeshika telekomande zenu, mnapiga kelele kuliko soko. Mukwe hakuwa na mbio za kutisha. Lile gari la Papa Mulamba, fundi wa pikipiki, lilikuwa linamwacha kwenye njia iliyonyooka. Lakini kwenye kona ya vumbi, mahali ambapo wengine walizunguka na kulala ubavu, Mukwe aliinama kidogo tu akapita. Watu walikuuliza unafanyaje. Ulininyooshea kidevu, "Mumuulize fundi wangu." Mimi niliangalia viatu vyangu, lakini nilikuwa nimesikia vizuri.

Halafu ukaondoka. Moyo, walisema. Hukuacha neno lolote kuhusu vitu vyako, ulidhani bado una muda, na sisi tulidhani hivyo.

Siku ya kumaliza matanga, ndugu zako walikuja kutoka Moba. Unajua mambo yalivyo kwenu Watabwa: mali ya mwanamume inakwenda kwa mtoto wa dada yake, na mtoto uliyemzaa ni wa ukoo wa mama yake. Kwao Mama, Waluba, mtoto ni wa baba. Ulikuwa unanichekesha nayo. "Weye Feli, huku hauna, kule hauna. Uko wa gare." Siku ile kwenye mkeka wa kugawa mali sikucheka. Nyumba walimwachia Mama, kwa hilo nawashukuru. Baiskeli, redio, suti ya harusi, vyote alipewa Kaoma, mtoto wa shangazi. Mwisho kabisa shangazi akasema, "Na ile kagari kake." Kaoma aliangalia chini. Unamjua, ni mtu mpole, anabeba mizigo bandarini na hajawahi kugombana hata na kuku. Alisema atapita Jumamosi kukachukua.

Ningeweza kusema. Sheria ingenisikiliza, hata padri angenisikiliza. Lakini nilinyamaza kwa kiburi, Papa, kiburi kilekile ulichosema nimekirithi kwa bibi. Nilitaka mtu mwingine afungue kinywa aseme Mukwe ni wa Feli. Hakuna aliyesema. Tukagawana wali, watu wakaenda zao.

Jumamosi asubuhi, kabla Kaoma hajafika, nilimweka Mukwe juu ya meza ya kushonea. Nilifungua diferansieli zote mbili, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Yale mafuta uliyoyachanganya wewe, mazito, meusi kidogo, nilienda kuyamwaga nyuma ya choo. Nikapangusa ndani kwa kitambaa mpaka pakang'aa. Nikatia mafuta ya cherehani, yale mepesi kama maji. Resori, yaani springi, za mbele nikazipeleka nyuma. Ambreyaji, klachi yake, nikailegeza. Kila visi niliyoigusa ilikuwa imekazwa kwa sikio lako, na nilijua, na niliendelea. Nilikuwa najiambia: wamechukua gari, basi wachukue gari, lakini kazi ya Papa hawaipati. Nikafunga vizuri, nikafuta vumbi. Kaoma alipofika nilimpa pamoja na kikombe cha chai.

Jumapili yake alimleta uwanjani. Alikuwa amevaa suti yako, Papa. Ilimbana mabegani. Sikwenda kwa sababu ya mchezo, nilikwenda kuona, na nilichokiona ndicho nilichokitengeneza. Kona ya kwanza gurudumu la ndani lilizunguka bure, Mukwe akageuka akaangalia alikotoka. Kona ya pili akalala ubavu. Kwenye kilima akaangukia pua. Watu walianza kucheka, kwanza kwa upole, kwa sababu ya marehemu, halafu wakasahau marehemu. Kisha Papa Mulamba akasema kwa sauti, "Kumbe muzee alikuwa na bahati tu. Fundi hakuwa."

Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Nilikuwa na kinywa. Nikageuka kuangalia mabehewa.

Kaoma alimfunga Mukwe ndani ya koti la suti ile, akanipita, akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Dada, njo mimi sijue kuiendesha. Nimeharibu jina ya muzee." Alikuwa ananiomba radhi, yeye! Nilimwambia haina mbaya, nikaenda nyumbani.

Nilimaliza siku nne nikijitetea moyoni. Siku ya tano, saa ya chakula cha mchana, nilimfuata bandarini, nikamkuta amekaa juu ya magunia anakula mihogo. Nilimwambia yote. Mafuta, resori, ambreyaji, yote. Hakupaza sauti. Aliuliza kitu kimoja. "Yale mafuta aliyachanganya yeye mwenyewe, na mikono yake?" Nikasema ndiyo. Aliweka muhogo chini. "Basi umemuzika mara ya pili, dada." Na jioni kabla jua halijazama alikuja kumweka Mukwe mlangoni petu, akasema neno moja tu: "Rudisha."

Ambreyaji ilirudi, resori zilirudi, hizo mikono yangu inazijua. Mafuta ndiyo yaliyonishinda. Hakuna duka mjini linalouza mafuta ya gari dogo namna hii. Ulikuwa unachanganya grisi ya reli na mafuta ya pikipiki kwenye kopo la maziwa, unapasha kidogo juu ya makaa, halafu unapima kwa namna yako. Mimi nachovya njiti ya kiberiti, nainua, wewe unaanza Salamu Maria. Tone likianguka mapema, ongeza grisi. Likifika Amina bado linaning'inia, ni mazito mno. Tone zuri linaanguka kwenye jina la Yesu. Shangazi alisema ni dhambi kupimia mafuta kwa sala. Ulimjibu kwamba Mama Maria amewazoea mafundi.

Nilichanganya. Nikachovya, nikasali, tone likaanguka kwenye jina la Yesu. Nikatia, nikafunga, Kaoma, aliyekuwa amerudi kuangalia, akajaribu barabarani mbele ya nyumba, alipokata kona Mukwe akazunguka. Nikarudia. Akazunguka. Mara ya tatu nikaelewa. Nasali haraka. Nasali kama fundi mwenye nguo za wateja zinazomngoja. Wewe ulikuwa unasali polepole, kuna mahali ulikuwa unavuta neno, kuna mahali ulikuwa unatafuta pumzi. Nilijaribu kukuiga, nikavuta hapa, nikasimama pale, na kila mara tone lilianguka mahali pengine. Papa, nilikaa karibu yako miaka yote ile, na nilikuwa naangalia tone tu. Sikukusikiliza. Nililia mbele ya Kaoma, na Kaoma hakunibembeleza, na alikuwa na haki.

Mama alikuwa pale pale barazani, anachambua maharage. Tangu mazishi hajasali kwa sauti. Ile rozari mliyokuwa mnasali wote wawili kila jioni, ameitundika kwenye msumari na haigusi. Nilidhani hatusikilizi. Bila kuinua kichwa, vidole vyake bado viko kwenye maharage, akaanza. "Salamu Maria..."

Papa, ilikuwa wewe. Si sauti, sauti ni yake. Lakini mwendo ulikuwa wako, kuvuta kwako, kutafuta pumzi kwako, hata kule kukohoa kidogo kabla ya kuendelea aliacha nafasi yake. Miaka yote amesali akikungoja mfike pamoja. Sikuthubutu kumwangalia. Niliinua njiti, nikaangalia tone, likaanguka mapema sana. Nikaongeza grisi. "Tena, Mama." Akasali tena. Mara saba alisali. Mara ya saba tone lilivimba, likangoja, likaanguka kwenye jina la Yesu, na Mama akaweka ungo chini akafunika uso kwa kitenge. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia tangu tukuzike. Tulilia sote watatu, mikono imejaa grisi.

Jumapili iliyopita tulikwenda uwanjani. Kabla magari hayajaanza, nilisimama mbele yao nikasema mimi ndiye niliyemharibu Mukwe, na kwa nini. Sikupamba. Kuna waliosonya. Papa Mulamba akasema, "Weye mutoto uko mubaya," kisha akavua kofia yake, nadhani kwa ajili yako. Kaoma aliendesha. Alitoka wa tatu, kwa sababu bado anashika telekomande kama mtu aliyeshika nyoka. Lakini kwenye kona ya vumbi Mukwe aliinama kidogo akapita, kila mzunguko, na hakuna aliyecheka.

Si mafuta yako, najua. Yako yamekwisha ardhini na hata nikichimba siyapati. Haya ni ya Mama na mimi. Kaoma bado ananisemesha kwa maneno machache, salamu na habari za kazi tu. Nimekubali, atanisamehe akiwa tayari.

Lakini Mama amechukua rozari kwenye msumari. Jana alinikemea kwa kumkimbiza katikati ya sala.

Basi nikuage, Papa. Pumzika, usitusikilizie gurudumu huko. Ninakuahidi kwamba Kaoma atakuja hapa kila Jumamosi na nitamfundisha: robo ni nini na nusu ni nini, grisi kiasi gani, na atakaa na Mama barazani asali naye mpaka mwendo wako umwingie. Nilikuwa naficha hayo yote kwa sababu niliogopa kwamba nikiyatoa sitabaki na kitu cha kuonyesha kwamba nilikuwa mtoto wako. Nitayatoa, Papa. Nitayatoa yote, halafu nitakaa mikono mitupu, na bado nitakuwa mtoto wako.

Feli