Mama, Kofia Yangu Ina Majina Mawili

Mpendwa Mama,

Kofia uliyoniachia ikiwa nusu imekwisha. Nimeivaa Ijumaa hii kwenda msikitini, na imenikaa sawa. Nakuandikia nikueleze ilivyomalizika, kwa sababu bila maneno uliyoyasema siku ile mbele ya Salma, isingemalizika.

Unaikumbuka siku yenyewe. Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa ameagiza kofia nyingi kuliko mlizowahi kushona, na akataka kujua kila kofia iko kwa nani na imefika wapi. Kikundi chenu cha washonaji kikatafutiwa programu ya kompyuta. Kabla ya kuitengeneza, akaja Salma kutoka Mombasa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuwauliza mnavyofanya kazi, ayaandike majibu, awape watengenezaji. Ulinipigia simu ukaniambia, "Njoo ukae nami. Wewe umezoea maswali."

Nikakaa nawe ukumbini kwetu Mkomani, wewe na sindano mkono wa kushoto, Bi Zena kando yako kama miaka yote. Bi Zena alinitazama mimi na daftari langu, akakwambia, "Mwanao huyu kaandika habari za dunia nzima, na uzi hajui kuutunga." Ukacheka mpaka ukajidunga.

Salma aliuliza vizuri. Nani anachora maua kwa penseli, nani anapokea kitambaa, nani anashona vitundu vya maua hayo, nani anafua na kutia wanga. Ulimjibu bila haraka. Kisha akauliza, "Mshonaji akichelewa, mnafanyaje?"

"Tunamkumbusha. Akichelewa tena na tena, kazi anapewa mwingine."

Jibu lilitoka upesi mno, na mimi kazi yangu ni kusikiliza majibu. Mtu anayejibu swali zito upesi huwa anaeleza kanuni, haelezi anachofanya. Na ukweli niliujua tangu utoto. Mishono yako ililala kushoto, na nimeiona ndani ya kofia za watu wengine mara nyingi. Mwanamke akikaa eda, akijifungua, akiuguza, hukumkumbusha. Ulikwenda kumjulia hali, ukarudi na kofia yake chini ya buibui, ukaimalizia mwenyewe, na jina likabaki lake. Miaka miwili ya mwisho, nyingi zilikuwa za Bi Zena.

Nilijua, Mama, na nikanyamaza. Sijawahi kukusahihisha mbele ya mgeni, na sikuona kwamba siku ile ndiyo ilikuwa ya kuanza.

Wiki iliyofuata Salma alirudi kuwasomea alichoandika, ili mkihakiki. Alisoma taratibu. Alipofika kwenye kuchelewa, akasoma kwamba kofia ikipita siku zake, jina la mshonaji litatokea kwa rangi nyekundu; likitokea mara tatu, mfumo hautampa kazi tena. Akauliza, "Ndivyo?"

Bi Zena alikunja kitambaa chake mara mbili, akakiweka mapajani, akaanza kutafuta kiatu kwa mguu. Hana mume, hana mtoto, na kazi nyingine haijui. Hata asingekuwa na haja ya ujira, asingekuwa na pa kwenda baada ya alasiri.

Ulimshika mkono. "Zena, kaa."

"Nakwenda zangu. Msomi kasoma."

"Kasoma nililomwambia. Nilikuwa nakusitiri, na sasa nimekutoa nje kwa maneno yangu mwenyewe." Kisha ukamwuliza kwa sauti ya chini, ingawa sote tulisikia, "Niseme?"

Bi Zena aliacha kutafuta kiatu. "Sema. Mato ni yangu, si aibu ya mtu. Lakini usiseme yamekufa. Moya linaona."

Ukamweleza Salma yote, macho ya Bi Zena yalivyofifia na wewe ulivyokuwa ukimmalizia kofia. Ulimgeuzia kofia ndani, ukamwonyesha mishono ya Bi Zena na yako. Nilitarajia akasirike, maana kazi yake ya wiki nzima ilikuwa imeharibika. Alifuta tu, akasema, "Ahsante, Bi. Hili ndilo nililolifuata. Sasa niambie, kofia ikiwa na mikono miwili, niandike jina la nani?"

"Yote mawili. Weka nafasi ya jina la pili. Na hapo kwenye rangi nyekundu, kabla haijamtaja mtu, ituambie sisi tukamjulie hali."

"Na la kwanza? Nilifute likija la pili?"

"Hapana. Jina la aliyeanza lisifutwe. Andika hivyo hivyo."

Akaandika hivyo hivyo. Nami niliandika kwenye daftari langu, kwa mazoea.

Umeondoka, na kikundi kimeniomba niwajazie kompyuta mpaka wapate mtu. Unanijua, sipendi orodha yenye makosa. Marehemu si mshonaji, nikasema, na juzi nikakaa kukuondoa kwenye majina. Mfumo ulikataa. Ulinionyesha kwamba una kofia moja ambayo haijaisha, na kwamba jina la aliyeanza halifutwi. Nilijaribu mara ya pili, nikidhani nimekosea kubonyeza. Kisha nikaenda kufungua mtoto wa meza yako, nikaikuta, na kipimo cha kichwa changu kimeandikwa kwa penseli pembeni.

Nilimpelekea Bi Zena anishauri nimpe nani aimalizie. Aliipapasa, akaitia mapajani.

"Hii ni yangu."

"Bi Zena, na mato?"

"Hakuna aliyeyauliza. Wewe andika jina langu hapo pa pili, na usinihimize."

Amekaa nayo muda mrefu. Siku zilipopita, kompyuta ilinitaka niende kumjulia hali, nami nikaenda, mara tatu, tukanywa kahawa. Alikuwa akitafuta kila kitundu kwa ncha ya kidole kabla ya kukishona. Siku aliyonikabidhi aliniambia, "Nje iko sawa. Ndani usigeuze mbele za watu."

Nimeigeuza nikiwa peke yangu. Mishono yako imelala kushoto mpaka pale ulipoishia. Yake ni mikubwa, na hapa na pale imetoka nje ya mstari. Kitundu chako cha mwisho amekishona tena juu yake, ndipo akaanza cha kwake.

Nimejaza kwamba kofia imekwisha. Mfumo ukaniuliza kama sasa nataka kuliondoa jina lako kwenye orodha ya washonaji. Nimejibu hapana.

Lala kwa amani, Mama. Bi Zena anakusalimu, nami nitapita kwake kesho baada ya alasiri.

Mwanao, asiyejua bado kutunga uzi.