Baba Yetu imenikwama

Jumapili

Mke wangu Koku amekufa. Leo siku ya tisa tangu tumzike hapa kibanjani, kwenye shamba letu la migomba nyuma ya nyumba.

Jioni watu wa jumuiya walikuja kusali rozari. Kwenye Baba Yetu, tulipofika "utakalo lifanyike", nikanyamaza. Siwezi kumwambia Mungu hivyo. Nina hasira naye, na hiyo hasira inaniogopesha.

Jirani yangu Mama Adela aliniona. Walipomaliza akaja.

"Unaruka maneno, baba."

"Hayatoki, mama."

"Basi yaache. Tutakusemea sisi mpaka yatoke. Ila kula, utakula mwenyewe."

Nikacheka kidogo. Nikala ndizi, nikashiba.

Maneno bado hayatoki. Lakini kesho jioni watakuja tena kunisemea.

Asubuhi narudi kazini Kanazi, kubeba magunia ya kahawa.