Filamu ya Ainebyona na kilio cha mama yake

Joanitha, uko wapi?

Ndiyo natoka ukumbini hapa Kaisho, kwenye ile filamu ya Ainebyona aliyotusumbua nayo mwaka mzima.

Mwanzo upuuzi mtupu! Unaonyeshwa mgomba mmoja mpaka unasinzia, na hakuna anayeongea. Watu walimcheka waziwazi.

Halafu akatokea mama yake, amepiga magoti kando ya kitanda, analia. Nami nikalia. Nikasema moyoni, kumbe mama huyu anajua kuigiza!

Haigizi, Joanitha. HAIGIZI. Mama mwenyewe alikuwa amekaa mbele, akasimama: "Aine, baba yako alipokuwa anakata roho, nilikuita uje tumshike. Kumbe ulikuwa mlangoni unanirekodi?"

Unajua alimjibu nini? "Mama, hicho ndicho kipande kizuri kuliko vyote."

Mbele za watu! Mama yake mzazi!

Mama akajifunga kitenge vizuri, akatoka peke yake. Ainebyona hata hakumfuata. Alinigeukia mimi: "Mackrine, wewe ulianza kulia sehemu gani hasa?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia.