Mashine Iliyoganda Januari

1 Januari 1998

Kwako binti yangu Bisibisi,

Salamu tele. Sisi hatujambo, ila masikio yangu ndiyo yaleyale. Kwenye simu nasikia nyuki tu, kwa hiyo tuendelee na karatasi. Kazini wanakuonaje? Mama yako anakusalimu, ingawa humu ndani tumenuniana.

Uliponiandikia kwamba ule ukurasa wa maktaba uliouunda uko tayari mtandaoni, nilivaa miwani, nikawasha kompyuta yangu, nikaandika anwani herufi kwa herufi. Kivinjari kikafikiri weee, kikaniletea kibao cha kijivu: hakiwezi kufungua. Leo siku ya nne. Mimi niliyetengeneza kompyuta za maofisi miaka thelathini, nashindwa kuona kazi ya mwanangu!

Mama yako kaona mwanya. Anaitaka meza aweke cherehani. Ametoa amri: mwezi huu ukiisha bila ukurasa wako kufunguka, mashine inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikakubali kwa mbwembwe, tena mbele ya shangazi yako. Sasa nakuna kichwa.

Nisaidie, na usiniambie ninunue mpya.

Baba yako


9 Machi 2025

Shikamoo baba,

Mimi mzima, uchovu kidogo tu. Goti linaendeleaje?

Baba, hebu soma tarehe ya barua yako. Mimi nilicheka, kisha nikaitafuta ya mwezi uliopita: moja Januari 1998. Na ya kabla yake, hiyohiyo! Wewe uliyekuwa ukiwagombeza wateja kwa kuacha saa za kompyuta zao zipotee, kweli hukuona?

Betri ya saa imekufa. Kila ukizima mashine, inaamka siku ileile, na kuibandika juu ya barua unazochapa humo. Kurasa za leo hubisha hodi na hati yenye tarehe, na mashine yako inaona hati ya mtu ambaye hajazaliwa, inamfungia mlango. Fungua kifuniko, utaiona betri ya duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Badilisha, rekebisha saa, ujaribu tena.

Patana na mama, tafadhali. Usimjibu kwa mbwembwe.

Binti yako


17 Machi 2025

Marahaba mwanangu,

Goti limetulia. Tazama tarehe hapo juu! Mashine imejiandikia yenyewe, kama ilivyokuwa ikijiandikia siku zote nami nikiiamini tu. Nimeona aibu, we acha. Saa za watu nilizikagua, yangu nikaipa heshima isiyostahili.

Lakini ukurasa bado. Kibao kimebadilika, sasa kinasema pande mbili hazielewani kwa lugha yao ya siri. Jana mama yako aliipima meza kwa utepe wake, polepole, mimi nikiwa nimekaa hapohapo.

Sijawahi kumwambia mteja mashine yake imekufa kabla sijajaribu la mwisho. Je, lipo la mwisho?

Baba yako


23 Machi 2025

Shikamoo baba,

Natumaini hamjambo na meza ipo mahali pake.

Kivinjari chako ni cha zamani mno kwa kufuli za leo, na hilo huwezi kulitengeneza huko. Basi nimelitengeneza huku. Nilimwomba bosi niufungulie ukurasa mlango wa pili, mwepesi, usio na kufuli: maneno, picha ndogo, basi. Akauliza nani atapita hapo. Nikasema, baba yangu. Akacheka mpaka akakohoa. Nikamwuliza zile kompyuta nne kuukuu za chumba cha wazee pale maktaba, zilizofunikwa vitambaa, nazo zipite wapi? Akanipa siku mbili.

Nimeondoa mapambo yote niliyokesha nikiyatengeneza. Chini nimeacha sehemu ya msomaji kuandika maoni. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii, usiongeze kitu.

Ikigoma, nisamehe baba. Sina ujanja mwingine.

Binti yako


MAONI YA WASOMAJI, NAMBA 1
30 Machi 2025

Bisibisi wangu!

Hatujambo, hatujambo kabisa! Umefunguka! Kwanza maneno, kisha picha ya mlango wa maktaba ikateremka kidogo kidogo, ngazi ya mwisho ikatokea, nikapiga ukelele. Jirani akaja mbio na ndoo ya maji akidhani tunaungua. Nikamwonyesha. Nimesoma yote, mpaka chini kabisa nikakuta jina lako limeandikwa kuwa ndiye mtengenezaji. Nimelia, na sikujificha.

Mama yako alikuja na utepe wake. Akainama kusoma. Akauliza kama maktaba wana kitabu cha kukata mikono ya magauni. Tukatafuta, kipo! Akaniondoa kwenye kiti, na tangu hapo sijakaa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipobisha hodi, mama yako ndiye aliyemfukuza. Cherehani iko jikoni.

Mwambie bosi wako wameshapita wawili kwenye mlango wako, na mmoja hataki kutoka. Naandika haya nimesimama, nimepewa dakika tano, na tayari ananigonga bega.

Baba yako