Kura ya Phineas

Bowie, Maryland
Tarehe 3 Mei 2026

Mpendwa dada, Mama Phineas,

Salamu nyingi kutoka huku. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa kaka yetu Silvanus akuletee ilifika, ama aliimaliza mwenyewe njiani? Na mahindi yamefikia wapi? Sisi tu wazima. Baridi imekwisha, nami bado nawahudumia wale wazee wa kazini kule Temple Hills, nawaogesha, nawalisha. Mgongo unalalamika lakini namshukuru Mungu.

Uliniuliza kwa simu mbona siku hizi simtaji mwanao Phineas, nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri tu. Nina hasira naye, dada, na siwezi kuyasema haya kwa simu wakati umeweka spika na majirani wamejaa sebuleni wakitaka kusikia habari za mheshimiwa.

Unamkumbuka mjukuu wetu Audrey, mtoto wa Lorraine wangu. Ana miaka minane, mdomo hautulii, lakini ukimpa kitabu anakauka. Herufi zinamrukaruka machoni. Shuleni wakampatia mwalimu wa kusoma, mama mmoja Mrundi aitwaye Généreuse, akawa anakaa naye peke yake kila asubuhi bila kumharakisha. Krismasi iliyopita Audrey alisimama kanisani akasoma mistari ya Luka bila kukwama. Phineas alikuwa pale mbele, kwenye kiti cha mgeni wa heshima. Alipiga makofi kutushinda sote. Mimi nililia.

Basi mwezi wa pili mswada ukaletwa kwenye bunge la jimbo kule Annapolis, anakoketi huyo Phineas wetu. Ulitaka kampuni kubwa ziongezewe kodi kidogo, pesa ziende kwa walimu kama Généreuse, maana fungu lao lilikuwa linakwisha. Kabla ya kura kulikuwa na siku ya wananchi kwenda bungeni kutoa maoni, yeyote yule, hata sisi. Akina mama wa kanisa waliniuliza kama tukodi basi. Nikawaambia hapana. Mama mdogo ataendaje kusimama mbele ya wageni kumwomba mtoto aliyelala nyumbani kwake na kula ugali wake? Ingekuwa kumvunjia heshima, watu waseme hata jamaa zake hawamwamini. Sisi mtoto wetu akiwa ndani, tunatulia nje. Tukafunga, tukaomba, tukampelekea chapati na kuku.

Phineas akapiga kura ya kuukataa, na mswada ukaanguka.

Jumapili iliyofuata alikuja kwangu na suti yake, akala akashiba, kisha akaanza kunifundisha. Ati kodi ikipanda matajiri watavuka daraja wahamie Virginia. Ati shule hazikosi pesa, hazijui kuzitumia. Ati yeye anaangalia mbali. Dada, mimi huvuka daraja hilo kila Alhamisi kwenda kumwogesha bibi mmoja Woodbridge, huko huko Virginia, na sijakutana na tajiri hata mmoja amebeba godoro. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akaniita mama mdogo kwa ile sauti tamu aliyokuwa akiniombea nauli.

Halafu akasema neno ambalo mpaka leo sijalisahau. "Mama mdogo, siku ya kusikiliza wananchi, wenye kampuni walijaza ukumbi. Kutoka kanisani kwenu sikuona mtu. Ningejuaje kwamba mnautaka?"

Ningejuaje, yeye aliyempigia Audrey makofi! Heshima tuliyompa ndiyo ameifanya kisingizio. Niliondoa sahani mbele yake nikaenda kuziosha.

Généreuse anaondoka shule zikifungwa. Alikuja kuaga, akamwachia Audrey kitabu, na mtoto amekisukuma chini ya kitanda. Tukimsihi anatujibu kwa Kiingereza kwamba yeye ni mjinga, tumwache. Nimejaribu kumsomesha mwenyewe, lakini sina ule uvumilivu wala ule ujuzi. Juzi nilimfokea, akakimbilia chumbani akafunga mlango.

Sasa uchaguzi umekaribia na Phineas amepiga simu. Anataka aje kanisani tena, akina mama wapike, tumfanyie harambee kama mara ya kwanza. Na Audrey asome, ati watu walipenda sana. Nikamwambia karibu. Chakula hakitakuwapo, kiti cha mbele hakitakuwapo, na akina mama watasimama mmoja mmoja waseme, jinsi tulivyopaswa kusema Annapolis. Akaniambia atanipigia baadaye. Mpaka leo hajapiga.

Msalimie Silvanus. Najua ametundika picha ya mheshimiwa ukutani, asiishushe, ni damu yetu. Wasalimie na watoto wote wa hapo. Mungu awalinde, awape mavuno na akuponye hilo goti.

Phineas anakuja huko mwezi wa nane, na najua umemtengea beberu. Mchinjie, ni mwanao. Lakini kabla hajanawa mikono, mwulize kama anamkumbuka Mwalimu Kuria, yule uliyempelekea maziwa kila asubuhi ili akae na Phineas peke yake, kwa sababu naye kusoma kulimshinda. Halafu mwulize Audrey atakaa na nani. Mimi alinijibu habari za daraja. Nataka kujua wewe atakujibu nini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Bilha