Vidonge vya Dada

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba lile kovu la kifuani halikusumbui tena wakati wa baridi. Huku mama hajambo. Ulimi wake ndio mzima kuliko yeye. Anasema siku hizi natembea kama bata.

Hakosei. Nilipokuambia nimeacha kushona kwa sababu cherehani imeharibika, nilikudanganya. Cherehani haina kosa. Ni paja langu la kulia, limeota uvimbe, nikikanyaga pedali naona nyota. Majuzi nilijikokota hospitali, wakatoa kinyama wakakipima. Kaa kitako kwanza, dada. Ni saratani.

Nilimwambia daktari kwamba dada yangu aliugua hiyo hiyo akapona. Akatikisa kichwa. Akasema saratani ni jina la ukoo tu, watoto wake wana tabia mbalimbali. Yako ilianzia kwenye vijia vya maziwa na kulishwa na homoni za kike, ndiyo maana baada ya kupasuliwa ulipewa vidonge vya kuinyima chakula. Kuna za damu, kuna za tezi za shingoni na makwapani. Yangu imeanzia kwenye nyama yenyewe ya paja, na hupenda kukimbilia mapafuni, ingawa namshukuru Mungu huko haijafika. Kisha akaniuliza nimetumia dawa gani. Nikainamisha kichwa.

Dada, vile vidonge ulivyovisahau kabatini kwa mama nilivimeza mimi. Uvimbe ulikuwa kama harage. Wewe ndiyo kwanza umepona, nyumba nzima inacheka, nikaona aibu kuwarudisha kwenye kilio. Nikajiambia kilichomponya yeye kitaniponya na mimi. Nikameza mpaka chupa ikaisha, na uvimbe unazidi kukua. Ulizoea kuniambia mficha uchi hazai, nami nikikucheka. Daktari anasema ningewahi, wangetoa uvimbe peke yake. Sasa umezingira mishipa mikubwa, na Jumatatu wanakata mguu. Najuta, dada, najuta mpaka usingizi umenikimbia.

Mama hajui, analaumu viatu. Siwezi kumwambia peke yangu. Ukitaka kunifokea, nifokee, nimestahili, lakini njoo kabla ya Jumatatu, nikupokee mlangoni nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu.

Ni mimi mdogo wako,
Pindo